Pumzi ya Shemeji

Shemeji alipewa maagizo mara tatu. Mara ya kwanza alipewa na dada yake akiwa bado anakunywa chai, mara ya pili na dada yake huyo huyo akimfunga vifungo vya overoli, na mara ya tatu ngazini, dada akimkimbilia huku kandambili zikimpiga visiginoni.

"Upulize kama mtu wa kawaida," alimwambia. "Mtu wa miaka hamsini na moja, mwenye watoto, aliyechoka. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Usiende kupiga tarumbeta kule."

"Mimi ni msanii, dada. Ukitaka nipulize kama mstaafu, napuliza kama mstaafu."

Overoli haikuwa yake. Kifuani ilishonwa jina la mume wa dada yake, fundi wa mawe ambaye karakana nzima ilimwita Ukingo, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo moja: kumalizia kingo za mabamba ya mawe, yale ya kaunta za jikoni, ngazi za benki na sakafu za hoteli. Miaka kumi na tisa alikuwa ameifanya. Wengine walikata, wengine walibeba, lakini bamba halikutoka getini kabla Ukingo hajaliinamia, akapuliza vumbi kwa mdomo, akaukodolea macho ukingo na kusema, "Hili sasa ni jiwe."

Kilichomvalisha Shemeji overoli ya mwenzake kilikuwa mkataba. Karakana ilipata kazi ya kuweka mawe meupe katika jengo jipya la hospitali, na mwenye jengo akatoa sharti kwamba kila fundi apimwe mapafu kwanza. Ukingo alikuwa na kikohozi cha mwaka mmoja na miezi minane. Watu wawili wengine wenye kikohozi walikwisha kupewa likizo na msimamizi mpaka upimaji upite. Ukingo alipoomba na yeye likizo, msimamizi alitikisa kichwa.

"Wewe siwezi, Fundi. Jina lako liko kwenye mkataba, na wa kingo ni wewe peke yako. Fanya utakavyofanya, ila karatasi yako isije na doa."

Msimamizi huyu aliitwa Kipenga, kwa kipenga cha chuma alichokivaa shingoni na kukipuliza kila mapumziko yalipoanza na yalipokwisha. Siku hizi kilikuwa pambo tu. Alikuwa amezoea kugonga bomba kwa spana, na alipomaliza kuzungumza na Ukingo aligonga bomba hilo mara tatu, watu wakarudi kazini.

Ukingo alirudi nyumbani na maneno yale, na mkewe, Mama Pacha, ambaye alishona sare za shule chumbani kwao na alikuwa mwepesi wa kupata njia, akamkumbuka mdogo wake.

* * *

Kliniki ilikuwa juu ya duka la dawa. Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ameifunga kamba, maneno yake ya kuhesabika. Alimtazama Shemeji, akaitazama overoli, akatia alama kwenye orodha. Kisha akambana pua kwa kibanio cha plastiki na kumpa mrija wa karatasi uliounganishwa na kimashine.

"Vuta hewa mpaka ijae. Halafu itoe yote kwa mpigo mmoja, usikate mpaka niseme basi."

Shemeji alikwenda na nia njema, hilo alisema baadaye na hakuna aliyemshuku. Lakini mrija ulipogusa midomo, midomo ilijipanga yenyewe, kama ilivyojipanga miaka kumi na minne ya harusi na maziko. Mgongo ulinyooka. Kiwambo kilicho chini ya mbavu kikashuka, tumbo likafura, na pumzi ikatoka pana na iliyonyooka. Mpimaji alisema, "Endelea, endelea," maneno ambayo mpiga tarumbeta hayasikii mara nyingi. Akaendelea.

Mpimaji alivua miwani akasoma kimashine, akaivaa akasoma tena.

"Una miaka hamsini na moja?"

"Ndiyo. Mke wangu ananitunza."

"Unafanya mazoezi gani?"

"Nakata mawe," alisema Shemeji, na sauti yake ya puani, kwa ajili ya kile kibanio, ikafanya jambo lenyewe lionekane la kweli.

Nyumbani alitupa overoli kitandani na kujisifu kwa dada yake. "Nimejizuia sana. Ningetaka, kile kimashine kingepasuka."

Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. Ukingo naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akatoka nje kwenye kibaraza mpaka kilipokwisha.

* * *

Matokeo yalikuja siku nne baadaye. Kipenga aliyasoma mbele ya mafundi wote, karatasi moja baada ya nyingine, na ya Ukingo aliiacha mwisho.

"Asilimia mia moja na ishirini na moja," alisema. "Wote mmesikia? Kifua cha huyu mzee kinazidi cha kijana mwenye afya. Ninyi mnaovuta sigara nyuma ya choo mwangalieni vizuri."

Walimpigia makofi. Ukingo aliinua mkono kama mtu anayefukuza nzi. Aliona haya, na chini ya haya hizo alifurahi, kwa kuwa kazi ilikuwa imesalimika.

"Sasa," Kipenga aliendelea, "jiwe la hospitali ni jeupe. Linakunywa maji, na likishakunywa linatoa madoa kama ya chai. Kwa hiyo tutalikata na kulimalizia kavu, chumba cha ndani, mlango umefungwa, vumbi lisije likatua kwenye mali za watu. Chumba kile kinataka kifua, na kifua tumekiona. Kingo zote, Fundi, utamalizia mle."

Makofi yakarudi. Kulikuwa na nyongeza ya mshahara, na kulikuwa na barakoa mpya ya kitambaa. Ukingo alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba kifua kilichosifiwa kilikuwa kimelala wakati ule kwenye godoro la sebuleni kwake, kikisubiri mazoezi ya bendi ya saa kumi? Akaufunga mdomo, akapokea barakoa.

Chumba cha ndani kilikuwa na taa mbili za mrija na dirisha lililozibwa kwa plywood. Msumeno ulipowashwa, vumbi lilijaa mpaka taa zikawa za manjano. Kufika saa nne barakoa ilikuwa ngumu, haipitishi hewa, na Ukingo aliishusha kidevuni ili aweze kupumua. Kila baada ya dakika moja au mbili aliinama, akavuta pumzi, akapuliza vumbi ukingoni, akatazama, akasugua, akainama tena. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine. Fundi aliyetumia brashi alichekwa, kwa sababu brashi hukwaruza na pumzi haikwaruzi.

Walikaa ghorofa ya tatu. Ngazi zilikuwa thelathini na sita, na Mama Pacha, aliyeweka cherehani yake karibu na mlango, alizijua nyayo za mumewe. Mwanzo wa mwaka alikuwa akisimama mara moja, kwenye ngazi ya ishirini. Wiki ya kwanza ya chumba cha ndani alisimama mara mbili. Siku ya tisa alisimama ya saba, akasimama ya kumi na tisa, na akasimama ya thelathini kwa muda mrefu hivi kwamba Mama Pacha aliacha kushona.

Akaingia, akakaa kitako sakafuni kwa sababu sakafu ilikuwa karibu.

"Mama Pacha," alisema. Alivuta hewa. "Leo nime..." Alivuta tena. "Nimeshindwa kupuliza. Nimeinama, nimepuliza. Vumbi limekaa palepale."

Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na haikuwa vumbi, maana mkewe aliipangusa kwa kanga na rangi ikabaki. Hapo Mama Pacha aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu siku aliyojifungua pacha.

"Kesho twende tukaseme ukweli," alisema.

"Watanifukuza."

"Wakufukuze."

"Kwa udanganyifu. Hata barua ya kuombea kazi kwingine sitapewa. Na nikishaandikwa mgonjwa, nani atanichukua?"

"Sikiliza, Baba Pacha. Njama ni yangu. Niliipanga mimi, nitaivunja mimi. Wewe utakuja tu, na kifua chako."

* * *

Mpimaji aliwasikiliza bila kuwakatiza. Mama Pacha alizungumza peke yake, haraka haraka, na alipofika mahali pa tarumbeta alijikuta anacheka kwa aibu. Mpimaji hakucheka.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Lakini walioleta orodha ndio waliolipa, na mimi kazi yangu ilikuwa kutia alama. Kaa, baba."

Akambana pua. Ukingo alivuta hewa, ikaingia kidogo, ikagota. Akapuliza.

"Endelea. Endelea. Endelea, baba."

Hakukuwa na cha kuendelea nacho. Walirudia mara tatu, na kila mara kikohozi kilimrukia. Asilimia arobaini na nne. Alipigwa picha ya kifua chumba cha pili, akachukuliwa makohozi, wakaambiwa warudi keshokutwa. Waliporudi mpimaji aliibandika picha kwenye kioo chenye taa. Mbavu zilionekana, moyo ulionekana, na juu ya mapafu yote mawili kulitapakaa vidoa vyeupe, kama chokaa iliyorushwa na brashi.

"Si kifua kikuu," alisema.

"Bora kingekuwa hicho," alisema Mama Pacha. "Kile kina dawa."

"Kina dawa, ni kweli." Mpimaji alichukua kalamu, akaonyesha. "Hewa inapita hapa kooni, inaingia bomba hili, linagawanyika huku na huku, yanagawanyika tena, madogo, madogo zaidi, mpaka mwisho kuna vifuko vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Humo ndimo damu inapochukulia hewa. Vumbi unaloliona linanaswa puani, ukipenga linatoka. Usiloliona ndilo linalofika chini kwenye vifuko. Mwili unajaribu kulila, haliliki, ni jiwe. Basi unalizungushia kovu. Kovu halitanuki, na hewa haipiti kwenye kovu."

"Linaondoka?" aliuliza Ukingo.

"Haliondoki. Ukiacha vumbi leo huenda likaenda polepole. Ukirudi mle ndani, halitakusubiri." Aliketi. "Nataka kujua kitu. Wenzako wanakata, wanapiga msasa, na wote karatasi zao ni safi au hazikuletwa. Wewe unafanyaje kazi? Nionyeshe."

Ukingo alisimama. Aliweka kiganja juu ya meza ya mpimaji, akakipitisha kwenye ukingo wake wa mbao, kwa umakini, kama jiwe la mtu. Kisha akainamisha uso mpaka ukawa shubiri moja kutoka mezani.

"Hapa napuliza," alisema. "Vumbi liruke nione mstari."

"Na kabla ya kupuliza unafanya nini?"

"Nainama."

"Ukishainama?"

"Navuta pumzi."

"Unavuta nini?"

Ukingo alibaki ameinama vile vile. Mama Pacha alielewa kabla yake, akaweka mkono mdomoni. Mara mia mbili kwa siku, labda mia tatu, kwa miaka kumi na tisa, mumewe alikuwa ameweka uso juu ya vumbi na kujijaza nalo ili apate pumzi ya kulifukuza.

"Nimewafundisha vijana saba," alisema Ukingo hatimaye, akiiambia meza.

Mpimaji alimrudisha kitini. Kisha akamfundisha kupumua upya: kuvuta taratibu kwa pua, kutoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Akaandika barua kwamba mtu huyu asifanye tena kazi ya vumbi. Mlangoni alisema jambo moja zaidi.

"Ningeweza kuwaandikia wakaguzi wa kazi. Lakini karatasi moja wataiita ugonjwa wa mtu mmoja, tena aliyekwisha kudanganya. Nikipata ya pili, ya kweli, kutoka karakana hiyo hiyo, naandika siku hiyo hiyo."

* * *

Kipenga alisoma barua amesimama getini. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Kwa hiyo umenifanya mjinga," alisema. Alizungumza kwa vipande vifupi, na wote walidhani ni hasira. "Mbele ya mwenye mali. Mbele ya mwenye jengo. Nikakupigia makofi."

"Wewe ndiye uliyeniambia nifanye nitakavyofanya."

"Nilikwambia ukadanganye? Nani alisikia?"

Mafundi walikuwa wamesimamisha misumeno. Hakuna aliyesikia.

"Overoli ni mali ya karakana," alisema Kipenga. "Ivue."

"Nitaileta kesho."

"Utaivua hapa."

Ukingo aliivua. Ndani alikuwa na singlendi na bukta ya zamani ya mpira wa miguu, namba nane, na suruali yake ilikuwa kabatini upande wa pili wa ua ambako hakuruhusiwa tena kuingia. Mmoja wa vijana aliowafundisha alikwenda kuifuata, lakini Kipenga aligonga bomba, na kijana akarudi kwenye mashine yake. Fundi Ukingo alitembea kwenda nyumbani na bukta, saa tano asubuhi, akisimama kila nguzo tatu. Muuza magazeti, aliyemsalimia kila siku kwa miaka mingi, alijifanya anapanga magazeti.

* * *

Wiki tatu zilipita. Shemeji alianza kuacha sahani yake nusu, akidai ameshiba kwenye harusi hata siku ambazo hazikuwa na harusi. Hakupuliza tarumbeta ndani tena. Mama Pacha alishona mpaka mgongo ukamuuma, na Ukingo alikaa dirishani akifungua mishono iliyokosewa, kazi ambayo haikutaka pumzi.

Jumapili moja mchana Mama Pacha alisikia mtu anapanda ngazi. Nyayo zilifika ya saba, zikasimama. Zikaendelea, zikasimama ya kumi na tisa. Zilipofika ya thelathini zilisimama kwa muda mrefu. Alijiambia, "Baba Pacha huyo anakuja," akainua macho, na Baba Pacha alikuwa mbele yake, amekaa dirishani, sare mkononi, naye anasikiliza.

Mlango ulipobishwa alifungua. Alikuwa Kipenga, amevaa shati la kutokea, kilo mbili za sukari mkononi, na kifua kinapanda na kushuka.

"Hodi," alisema, na pumzi ikaishia hapo.

Mama Pacha alikuwa na maneno yake, ameyatunza wiki tatu. Kabla hajayatoa, mumewe alikwisha kusogeza kiti dirishani.

"Kaa," alisema Ukingo. "Usizungumze kwanza. Vuta kwa pua. Sasa toa polepole, bana midomo, kama unapoza chai. Tena."

Walikaa hivyo, wanaume wawili uso kwa uso, wakipoza chai isiyokuwepo. Shemeji alichungulia kutoka sebuleni, akaegemea ukuta.

"Nimekuja kumwona shemeji yako," Kipenga alisema alipoweza. "Mwenye jengo sasa anataka na wasimamizi wapimwe. Kliniki nyingine, kule hawamjui. Umbo langu na lake hayaachani sana."

Aliuweka mfuko wa sukari sakafuni.

"Sijaja mikono mitupu. Getini pana nafasi, Fundi. Ni kiti na daftari, kuandika namba za magari. Haina vumbi, au lipo kidogo tu. Jumatatu unaanza."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Alitaka akubali; hilo hakulificha. Kiti, daftari, mshahara. Dakika tano za mdogo wake, naye angepuliza hata akiwa amelala. Alikuwa radhi hata kuimeza ile bukta namba nane.

"Tangu lini?" aliuliza Ukingo.

"Nini?"

"Hiyo ya kukatika pumzi."

Kipenga alitazama nje. "Mwaka wa pili. Meza yangu iko mlangoni mwa chumba cha ndani."

"Mimi nilipewa pumzi ya huyu," Ukingo alisema, akimwonyesha Shemeji kwa kidevu, "nikapelekwa kukaa mle ndani siku tisa. Na wewe utarudi mezani kwako na karatasi nzuri. Yule mpimaji wa mwanzo anataka karatasi ya pili, ya kweli. Akiipata anawaandikia wakaguzi."

"Wakija wakaguzi karakana itafungwa. Kiti cha getini nacho kitafungwa."

"Najua."

"Wewe mwenyewe utakosa."

"Nimesema najua. Wale vijana saba bado wanapuliza kwa mdomo."

Kipenga alisimama. Alishika mlango, akaona ngazi thelathini na sita zikimsubiri, akaachia. Mkono wake ulikwenda shingoni, na Ukingo akaufuata kwa macho.

"Kipulize," alisema.

"Nini tena?"

"Kipenga chako. Hapa hakuna mwenye mali. Kipulize."

Labda alitaka kuwaonyesha, au labda alitaka kujua. Kipenga alikiweka mdomoni, akavuta hewa, mabega yakapanda mpaka masikioni, akapuliza. Kilitoka kisauti kama cha kandambili inapokanyaga maji. Kibarazani pacha walikuwa wanacheza bao na mtoto wa jirani, na hakuna aliyegeuka. Akajaribu tena, na safari hii hakikutoka kitu. Kile kijiwe kidogo cha ndani hakikutikisika.

Alikitoa mdomoni, akakipangusa kwa shati lake la kutokea, polepole, pande zote mbili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali.

"Huyo mpimaji," alisema, "anafungua saa ngapi?"

Mama Pacha alikuwa bado anakiona kile kiti cha getini. Alikitazama kidogo zaidi, kisha akauchukua mfuko wa sukari, akamrudishia mkononi.

"Saa mbili," alisema. "Sisi tunatoka saa moja, kwa sababu tunasimama njiani."